Alhamisi za Nchi ya Sanjari

Msiniulize njia ya kwenda Sanjari. Heriel Mbwambo mwenyewe, aliyekwenda na kurudi, akiulizwa hukuna kidevu na kusema kwamba alikuwa ofisini kwake anasubiri barua pepe zishuke kwenye simu, mtandao unasuasua, akafumba macho kidogo, na alipoyafumbua alikuwa amesimama mbele ya kizuizi cha mpakani. Basi tumkute hapo hapo. Anayetaka habari za barabara na mizigo atafute msimulizi mwingine; mimi nina haraka ya kufika kwa watu.

Heriel alikuwa afisa ugavi wa halmashauri, mtu mpole, mwenye kuamini kwamba kila ofisi duniani ni ile ile ila rangi ya ukuta tu. Kwa hiyo hakushtuka alipomwona mama wa miwani nyuma ya kidirisha akimnyooshea mkono.

"Karibu Sanjari. Kibao chako?"

Heriel akampa simu. Mama akaigeuza huku na huku kama mtu anayechagua embe sokoni, kisha akatikisa kichwa.

"Hii haijalandanishwa."

"Na nini, mama?"

"Na Bao Kuu. Na nini tena?"

Akamweleza taratibu, kwa sauti ile wanayotumia watu kwa wageni na kwa wagonjwa. Kila Msanjari anabeba kibao chake kiganjani. Katika mji mkuu kuna Bao Kuu, refu kama tangi la maji, na humo zimeandikwa barua zote za kazi na miadi yote ya nchi. Kibao na Bao sharti viseme jambo moja. Bao likibadilika, kibao kinatetema na kubadilika papo hapo, na mwenye kibao anabadilika vilevile. Mtu ambaye kibao chake hakijaunganishwa na Bao hayupo mahali popote, na nchi haiwezi kuwa na watu wanaozurura bila kuwa mahali.

Heriel akakubali kuunganishwa, kwani alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Akaulizwa jina lake la kazini, akataja. Akaulizwa jina la mlango wa Bao, akasema hajui, akaambiwa hakuna anayejua, aandike lolote. Kisha likaja suala la neno la siri. Liwe na herufi kubwa na ndogo, tarakimu, na alama isiyosomeka; wala lisifanane na jina la mtu unayempenda, maana hilo wezi watalikisia kwanza. Heriel akakuna kichwa, akatunga moja.

"Limekataliwa," mama akasema. "Bao linasema ulishawahi kulitumia."

"Mama, hapa ndiyo nafika kwa mara ya kwanza."

"Bao linasema ulishawahi."

Akatunga jingine, likakataliwa kwa kuwa jepesi. Akatunga gumu, akalisahau kabla hajalirudia. Mwishowe mlango wa Bao ukamfungia, naye akapewa kitambaa cha kubandika kifuani kilichoandikwa ASIYELANDANA, akakabidhiwa kwa mwenyeji wa kumdhamini. Mwenyeji huyo alikuwa tayari amesimama pembeni. Aliitwa Fumo Shelali, Katibu wa Kikao cha Makadirio, bwana mwembamba aliyenyoa nusu ya kichwa. Kibao chake kilimwamuru asubuhi ile aende mpakani kumpokea mtu. Hakuambiwa nani wala kwa nini, lakini alikuja.

Njiani kuingia mjini Heriel hakuacha kuutupia jicho upande ule wenye nywele. Fumo akaona, akacheka.

"Nilikuwa kwa kinyozi, kibao cha kinyozi kikatetema," akasema. "Kikitetema, sheria inataka uache ulichoshika ukisome. Alipomaliza kusoma, changu nacho kikatetema nikaondoka."

Kumbe wanaume wengi wa mji ule walikuwa hivyo, na wala hawakuona haya. Kichwa kilichonyolewa chote kilikuwa dalili ya mtu asiye na kazi. Heriel akaonyeshwa pia uwanja wa mpira, ambako kipa aliinama kusoma barua kuhusu usafi wa vyoo vya wizara, na mpira ukampita taratibu hadi wavuni. Hakuna aliyemlaumu. Mfungaji ndiye aliyeitwa pembeni na mwamuzi, aeleze imekuwaje yeye hana barua.

Lakini sheria iliyomshangaza kuliko zote aliiona sokoni. Mtu mnene wa suti alikuwa anachagua nyanya, na watu wote walimpisha bila kumtazama. Muuzaji akaziweka nyanya ukingoni mwa meza, akampa mgongo, akakohoa. Yule bwana akazichukua, akaacha hela, naye akakohoa, akaenda zake.

"Mbona hawasemeshani?" Heriel akauliza.

"Yule yuko kikaoni," Fumo akajibu.

"Si huyo hapo na mfuko wa nyanya?"

"Hayo ni macho yako. Kibao chake kinasema yuko kikaoni mpaka adhuhuri. Sisi ni nani tumbishie?"

Ndiyo ilivyokuwa sheria mama ya Sanjari. Mtu yuko pale kibao chake kinaposema yuko, na ukimkuta kwingine ni marufuku kumwona. Wakubwa waliwekewa miadi miwili mitatu ya saa ile ile, wakahesabiwa kuwa kote kwa pamoja, na watu waliwaonea fahari. Aliyewapita wote alikuwa Mwinyikombo, Mlandanishi Mkuu, ambaye tangu apewe cheo hakuwahi kuwa mahali pamoja tu. Heriel alipofikiria wakubwa wa kwao akageuka kutazama nyanya.

Nyumbani kwa Fumo kulikuwa na shughuli tele. Uani wanawake walikuwa wanapeta mchele, mikeka imeanikwa ukutani, na mkewe Fumo, Bi Mwatima, anagombana na mtu wa sufuria za kukodi. Binti yao Mwanakheri alikuwa anaolewa Alhamisi, na Shee, kijana wa Idara ya Maji. Fumo alimtembeza mgeni kila pembe ya ua, akimwonyesha atakaposimama yeye, maana kwa desturi ya Sanjari ndoa hufungwa na tamko la baba. Baba asimame mbele za watu, atamke kwamba anamwoza binti yake fulani kwa fulani, na watu wamsikie. Bila tamko hilo unakuwa umekula pilau tu.

"Nimelifanyia mazoezi," Fumo akasema kwa aibu kidogo. "Ni fupi, lakini nikifika katikati koo linanikaba."

Walikuwa wanakula chakula cha jioni kibao chake kilipotetema. Akanawa mkono, akasoma. Akasoma tena. Bi Mwatima akaweka mwiko chini.

"Kuna nini, Baba Kheri?"

"Kikao cha Makadirio," Fumo akasema. "Kimehamishwa. Kilikuwa kila Jumatano, sasa kitakuwa kila Alhamisi alasiri."

"Na harusi?"

Fumo akamgeuzia kibao aone. Harusi ilikuwa imeandikwa Alhamisi alasiri kwa mkono wake mwenyewe, na sasa haikuwepo. Kibao na Bao vikigongana, Bao ndilo linaloshinda, na kilichoshindwa hakiachi hata alama. Kuahirisha haikuwezekana, kwani ndugu walishaanza kufika na familia ya Shee ilikuwa na harusi ile kwenye vibao vyao vyote, imesimama imara. Fumo angeweza kuvaa kanzu na kusimama uani kwake, lakini kisheria angekuwa kikaoni. Hakuna ambaye angeruhusiwa kumwona wala kusikia tamko lake.

Bi Mwatima akaanza kulia kimyakimya. Fumo akatoka nje, na Heriel, asiyejua ajiweke wapi, akajikuta amekaa karibu na Mwanakheri aliyerudia kuchambua mchele kana kwamba hakusikia kitu. Alikuwa binti mwenye maneno machache na jicho kali.

"Mjomba, huku kwetu umeshaonyeshwa watu wasioonekana?" akamuuliza.

"Nimemwona mmoja sokoni. Samahani, sikutakiwa kumwona."

"Mimi nimelelewa na mmoja." Akatupa chuya moja pembeni. "Nilipozaliwa alikuwa kikaoni. Nikiumwa, yuko kikaoni. Siku niliyomaliza shule alitoroka akaja, akakaa mstari wa mbele kabisa, amevaa shati lake la bluu. Nilimwona, mjomba. Lakini kibao kilisema yuko kikaoni, na mwalimu mkuu alikuwa ananitazama, basi nikapita mbele ya baba yangu nikiangalia juu ya kichwa chake. Alikuwa ameshaanza kunyanyua mkono kunipungia." Akatupa chuya nyingine. "Sitaki kupita hivyo Alhamisi."

Heriel akavuta ungo, akachambua naye mchele, vibaya.

Kesho yake wakaenda Nyumba ya Mlandano kuomba shauri, Fumo, Mwanakheri na mgeni wao. Mwinyikombo walimkuta barazani anakula mihogo ya kukaanga, lakini hawakuweza kumsalimia kwa sababu alikuwa kwenye uzinduzi wa kisima, mazishi na warsha. Wakasimama hatua chache kutoka kwake wakisubiri, mpaka kibao chake kiliposema kwamba sasa yuko barazani. Akafuta mafuta midomoni, akawatazama, akawapokea kwa furaha kama watu waliotokea ghafla.

Wajumbe wa baraza wakaitwa, suala likasomwa, na hapo ndipo Heriel alipoona jinsi watu wenye akili wanavyofanya kazi.

"Kwa vibao vya kwao Shee, ndoa ipo," akasema mjumbe wa kwanza. "Kwa kibao cha huyu baba, haipo. Basi kijana ataoa, lakini binti hataolewa."

"Atakuwa mume wa nani?" akauliza wa pili.

"Atakuwa nusu mume."

"Nusu ya juu au ya chini?"

Hapo mjadala ukanoga. Mmoja alishikilia kwamba nusu ya mume ni ile inayotoa matumizi ya nyumbani. Mwingine akasema hiyo ndiyo ya kukosekana kwanza. Chai ikaletwa. Wakakubaliana kwamba Shee aandikwe "mume kwa upande wake" hadi vibao vitakapolandana, jambo ambalo lingetazamwa baada ya masika. Walionekana wameridhika sana. Heriel hakuweza kujizuia, akanyoosha mkono.

"Samahani wakubwa. Kwa nini Bwana Fumo asikiache kibao ofisini, akaenda harusini?"

Mwinyikombo alimtazama bila hasira, kwa huruma hasa.

"Mgeni," akasema, "akikiacha kibao mezani, atakuwa amebaki mezani yeye mwenyewe. Harusini tutakuwa tumepeleka kanzu."

Heriel alitaka kucheka. Lakini wakati ule ule alihisi simu yake inatetema mfukoni, na kabla hajajijua alikuwa ameshaitoa na kuitazama. Haikuwa na kitu, wala isingeweza kuwa na kitu, kwani ilikuwa imefungiwa tangu mpakani. Wajumbe wakamwangalia, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nchini mwao wakamwona kama mwenzao.

Fumo akajaribu mara ya mwisho. Akasema yeye ndiye katibu wa kikao hicho, je, hana uwezo wa kukisogeza?

"Katibu hana mamlaka juu ya siku wala saa," Mwinyikombo akajibu. "Wala hawezi kumwondoa mjumbe, hata akiwa yeye mwenyewe. Ruhusa yako ni kuandika mahali na ajenda, basi. Pole sana, Bwana Fumo. Mimi nikiwa mwenyekiti wa kikao hicho nitakuwepo, pamoja na kwingine nitakakokuwa."

Fumo akainamisha kichwa chake cha nusu. Lakini Mwanakheri, aliyekuwa amekaa nyuma kimya muda wote, akanyanyua uso.

Walipofika nyumbani akamwekea baba yake chakula, kisha akanyoosha mkono.

"Baba, niazime kibao."

"Kibao cha serikali hakishikwi na mtu mwingine, mwanangu."

"Nakushikia tu wakati unakula."

Fumo alikuwa amechoka. Akampa. Mwanakheri akakifungua Kikao cha Makadirio, na pale palipoandikwa mahali akafuta "Ukumbi wa Wizara" akaandika "Uani kwa Fumo Shelali". Akashuka kwenye ajenda. Kulikuwa na kufungua kikao, kuthibitisha kumbukumbu, yatokanayo, makadirio, na mwisho kabisa mengineyo. Chini ya mengineyo, palipokuwa patupu, akaandika: "Katibu kumwoza binti yake."

Heriel alikuwa anachungulia begani. Akaona kibao kinauliza swali moja la mwisho kabla ya kukubali, na kidole cha binti kinajibu upesi. Akataka kusema neno, lakini Bi Mwatima akamwita akune nazi, akaenda.

Dakika ile ile vibao vya wajumbe wote mjini vikatetema. Bao Kuu lilikuwa limekubali, na Bao likishakubali hakuna wa kuuliza.

Alhamisi alasiri wakaja wote, na mafaili yao kwapani. Waliketi kwenye mikeka katikati ya wanawake waliokuwa wanakaanga vitunguu, na kila mmoja alionekana waziwazi kisheria, kwa sababu kila mmoja alikuwa pale kibao chake kiliposema yuko. Upande wa pili akaketi Shee na jamaa zake, ambao nao walikuwa harusini kihalali. Mwinyikombo akafungua kikao. Kumbukumbu zikathibitishwa. Makadirio yalipofika, sufuria za pilau zilikuwa zimefunuliwa, na mafungu ambayo kwa kawaida yaligombaniwa hadi jua kuzama yalipitishwa moja baada ya jingine bila mtu kuomba ufafanuzi.

"Mengineyo," akasema mwenyekiti.

Fumo akasimama. Bi Mwatima alikuwa amembana asubuhi na kumnyoa upande uliobaki, na alionekana mgeni kwenye kichwa chake mwenyewe.

"Kupitia kwa Mwenyekiti," akaanza, "mimi, Fumo Shelali, mbele yenu nyote, ninamwoza binti yangu—"

Kibao kikatetema mfukoni mwake.

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Mkono wa Fumo ukaenda wenyewe mfukoni, kama ulivyokwenda maisha yake yote, ukafika, ukagusa. Kisha akamwona Mwanakheri. Alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele yake, mikono imejaa hina, na alikuwa anamtazama baba yake usoni kabisa, moja kwa moja, machoni. Mkono ukatoka mfukoni mtupu.

"—binti yangu Mwanakheri," Fumo akasema, na koo likamkaba pale pale alipojua litamkaba, akameza mate, akaendelea, "kwa Shee, mtoto wa watu hawa. Na ninyi ni mashahidi."

Mjumbe mmoja akanong'ona kwamba katibu hajasoma. Mwinyikombo, ambaye macho yake yalikuwa yamelowa na hakujisumbua kuyaficha, akamkatiza.

"Katibu yuko kikaoni," akasema. "Hoja imetolewa. Nani anaiunga mkono?"

Mikono ikanyanyuka ua mzima, hata ya wapishi wasio wajumbe, na vigelegele vikaifuata. Heriel alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Hakuwahi kupenda kikao namna ile.

Akakaa nao wiki nzima, akila viporo vya harusi na kujaribu maneno ya siri. Alhamisi iliyofuata alikuwa ameshaaga na anafunga viatu, aliposikia mlango wa ua unagongwa. Wajumbe walikuwa wamesimama nje na mafaili yao kwapani. Nyuma yao ilikuwa familia nzima ya Shee, iliyoalikwa na wajumbe kwa kuwa ajenda inawahusu.

"Tumekuja kumwoza binti," akasema Mwinyikombo.

"Si mlishamwoza?" Bi Mwatima akauliza, mikono kiunoni.

"Bao linasema anaozwa leo. Na Alhamisi ijayo. Na ile nyingine." Akamwonyesha. Kikao kilikuwa cha kila wiki, na mengineyo nayo yalikuwa yamewekwa ya kila wiki. "Kama kuna kosa, linarekebishika. Katibu aandike ombi, nalo litajadiliwa kwenye Kikao cha Makadirio, chini ya mengineyo, baada ya ndoa."

"Na baada ya ndoa huwa mnafanya nini?"

"Baada ya ndoa tunakula," mwenyekiti akakiri.

Bi Mwatima akamtazama, akatazama umati, kisha akaita kwa sauti sufuria zirudishwe jikoni. Shee alitoka chumbani amejifunga taulo, akaelezwa, akasema yeye hana pingamizi, akarudi kuvaa. Fumo akaenda kutafuta kanzu, na Heriel aliapa baadaye kwamba alimsikia anaimba.

Heriel akamsogelea Mwanakheri, aliyekuwa kizingitini anafunga kanga upya, akamnong'oneza kama mtu mzima anayetaka kusaidia bila kuaibisha.

"Mwanangu, nadhani najua kosa lilipo. Siku ile kibao kilikuuliza: mara hii tu, au kila mara? Kidole kikakuteleza."

"Hakikuteleza, mjomba," akasema Mwanakheri.

Hakuwa anamtazama Heriel. Alikuwa anamtazama baba yake, ambaye alikuwa amesimama katikati ya ua na kanzu yake, anasafisha koo, na watu wote wanamwona.